Kumfuata Mwenzi Ng'ambo: Mwongozo wa Viza kwa Aliyefungia Ndoa Mwika

Hapa Mwika hakuna anayehitaji kuthibitishiwa kwamba una ndoa. Jina lako lilitangazwa kanisani, ukoo ulikunywa mbege, ndafu ilikatwa watu wakashangilia, na hata kondakta wa gari la Himo anajua mwenzi wako yuko ng'ambo. Afisa wa viza hajui hata moja kati ya hayo. Hamjui mchungaji wako, hawezi kumuuliza shangazi yako, wala hatapata nafasi ya kuona picha zilizotundikwa sebuleni kwenu. Anachokijua ni kile tu kilichomo kwenye faili. Kazi yako basi ni kuandaa faili ambalo mtu asiyewahi kufika Kilimanjaro atalisoma mwanzo hadi mwisho asibaki na swali.

Mwongozo huu unazungumzia zaidi nchi mbili. Ya kwanza ni Ujerumani, ambayo ina uhusiano wa muda mrefu na mlima wetu tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893, na bado inapokea na kuleta vijana kupitia sharika rafiki, vyuo na kazi za kujitolea. Ya pili ni Uingereza. Kwa Marekani kuna jambo moja la kujua kabla hujalipa chochote: amri ya rais iliyotangazwa Desemba 2025 iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi, ikasitisha viza za wahamiaji kuanzia 1 Januari 2026. Mwenye mwenzi huko asome kwanza tangazo la karibuni la ubalozi.

Jua unaomba viza ipi

Swali la kwanza si "nianze na fomu gani?" bali "mwenzi wangu yuko kule kwa hadhi gani?" Jibu la swali hili ndilo litakaloamua masharti yote yanayofuata.

Kama mwenzi wako ni raia wa Ujerumani, kwa kawaida hadaiwi kuonyesha kipato fulani ili wewe uingie. Kama ni Mtanzania anayefanya kazi kule kwa kibali, atatakiwa kuonyesha mshahara unaotosha, bima ya afya na nyumba yenye nafasi ya watu wawili.

Kwa Uingereza tofauti ni kubwa zaidi. Viza ya mwenzi, hii ambayo watu wengi huizungumzia, ni ya mtu ambaye mwenzi wake ni raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu. Aliyeko kule kwa viza ya kazi au masomo humwita mwenzi wake kwa njia nyingine, ile ya wategemezi, na njia hiyo imebanwa. Aliyekwenda kuanzia 11 Machi 2024 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani haruhusiwi kumwita mke, mume wala watoto. Kama mwenzi wako yuko kundi hilo, ni afadhali mjue leo kuliko kujua baada ya kulipa ada.

Ndoa iwe ya kusomeka

Cheti cha ndoa ndicho mguu wa kwanza wa faili lako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Sharti hili huwasumbua watu wetu hasa Desemba. Mwenzi anatua KIA tarehe 18 akiwa na likizo ya wiki mbili, harusi imepangwa tarehe 27, halafu ndipo mnaanza kuuliza habari za taarifa. Ongeeni na ofisi ya usharika au ya Mkuu wa Wilaya mapema, Oktoba ikiwezekana. Siku zikiwa zimebana, Msajili Mkuu ana mamlaka ya kutoa leseni maalumu, lakini hilo ni jambo la kuombwa na haliji lenyewe.

Kama anayefunga ndoa nawe ni mgeni, aje na hati kutoka kwao inayoonyesha kwamba hana kizuizi cha ndoa. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, lazima ndoa ile ionekane imekwisha. Aliyefiwa alete cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Aliyeachana alete hukumu ya mahakama. Hapa wengi hujikwaa. Kikao cha ukoo kilichowatenganisha, mahari iliyorudishwa, hata miaka kumi ya kuishi mbalimbali, vyote hivyo si talaka kisheria. Talaka hutolewa na mahakama, na kabla ya kufika huko mgogoro hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Ukiwa na ndoa ya zamani ambayo haijavunjwa mahakamani, anzia hapo, kwa sababu ndoa ya pili itasomeka kuwa batili.

Ndoa ya kimila nayo inatambuliwa na sheria yetu, lakini isipoandikishwa inabaki kuwa maneno. Iandikisheni. Kumbukeni pia kwamba sheria huichukulia ndoa ya kimila kuwa inaweza kuwa ya wake wengi hadi ithibitishwe vinginevyo. Afisa wa nchi isiyoruhusu mitala ataliulizia hilo, kwa hiyo likae wazi kwenye maelezo yenu.

Cheti ulichopewa kanisani siku ya harusi usikichukulie kuwa ndio mwisho. Hakikisha kumbukumbu ya ndoa imefika RITA, kisha omba uhakiki wa cheti, na pale unapotakiwa, peleka pia Wizara ya Mambo ya Nje kwa uthibitisho. Hati iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe na mtu anayetambulika. BAKITA hufanya kazi hiyo na kuthibitisha tafsiri. Kwa ubalozi wa Ujerumani, soma orodha yao uone hati ipi inatakiwa kwa Kijerumani na ipi yatosha kwa Kiingereza.

Jina moja, herufi zilezile

Kama kuna jambo linalochelewesha watu wa mlimani kuliko yote, ni jina. Kwenye cheti cha ubatizo ni Aikaeli. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Aika. Cheti cha kidato cha nne kinasema Ikaeli, na jina la ukoo Mlay limeandikwa Mlai kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Nyumbani huyu ni mtu mmoja. Kwenye faili ni watu watatu.

Kaa chini na hati zako zote, uziandike kwenye karatasi moja: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Kisha linganisha mstari kwa mstari. Ukiona tofauti, rekebisha kwa mpangilio huu:

1. Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa hati nyingine hujengwa juu yake. Kama huna, RITA husajili hata mtu mzima aliyechelewa. Utaombwa ushahidi kama tangazo la kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha shule ya msingi. Kwa wakazi wa Mwika, mlango wa kuanzia ni ofisi ya usajili iliyo kwa Mkuu wa Wilaya, Moshi, na maombi huanzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa RITA.
2. Fuata NIDA. Marekebisho ya taarifa huchukua muda, usiyaache hadi wiki ya mwisho.
3. Pasipoti ije baada ya hizo mbili kukubaliana. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 2018, hugharimu shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Ukiitoa na jina lenye kasoro, umeinunua kasoro hiyo kwa miaka kumi.
4. Tofauti ndogo kwenye hati ya zamani isiyorekebishika, kama cheti cha shule, hufafanuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili.
5. Kama umebadili jina kabisa, mfano umechukua jina la ukoo wa mume, fanya hati ya kubadili jina na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo peke yake hakitoshi.

Si lazima mwanamke abadili jina kwa sababu ameolewa. Ukiwa katikati ya maombi, kubaki na jina lako la kuzaliwa kunakupunguzia hati nyingi.

Ujerumani: lugha kwanza

Sharti linalotaka muda mrefu zaidi ni lugha. Tangu mwaka 2007, mwenzi anayekwenda Ujerumani anatakiwa kuonyesha kwamba anajua Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kabla ya kusafiri. Kuna wanaosamehewa, miongoni mwao wenzi wa wenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, lakini aliyeolewa na raia wa Ujerumani kwa kawaida hasamehewi.

Mtihani wa Goethe-Institut hufanyika Dar es Salaam. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Unafaulu ukipata alama 60 kati ya 100. Katika kuzungumza utajitambulisha: jina, umri, unakotoka, unakoishi, lugha unazojua, kazi, unachopenda. Kisha unaweza kuombwa kutaja jina lako herufi moja moja na kusoma namba ya simu. Hapo ndipo mtu mwenye jina kama Ndeshukurwa hupata kigugumizi mbele ya alfabeti ya Kijerumani. Zoea kulitaja jina lako, la kijiji chako na la mtaa wa mwenzi wako hadi ulimi uzoee. Mfanye mwenzi wako mwalimu: robo saa ya Kijerumani kila mnapopigiana simu inasaidia kuliko wikiendi nzima ya kukesha kabla ya mtihani. Faida nyingine ni kwamba afisa akikuuliza mnazungumza lugha gani nyumbani, utakuwa na jibu.

Viza yenyewe ni ya kitaifa, ya kukaa muda mrefu, na ada yake ya kawaida ni euro 75, ila mwenzi wa raia wa Ujerumani hatozwi. Ombi hupokelewa na ubalozi Dar es Salaam, lakini ubalozi hauamui peke yake. Faili hupelekwa kwa ofisi ya wageni ya mji anakoishi mwenzi wako, nayo hutoa maoni yake. Kwa sababu hiyo mwenzi wako naye ana kazi: kupeleka haraka hati atakazoombwa na ofisi hiyo, na kuhakikisha jina lako liko hata kwenye mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba inayokubali ukaishi pale.

Uingereza: hesabu kwanza

Kwa Uingereza mlima mkubwa ni fedha. Mwenzi aliyeko kule anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kilikuwa pauni 18,600. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba, lakini akiba peke yake inatakiwa ifike pauni 88,500 na iwe imekaa kwenye akaunti angalau miezi 6.

Kwa aliyeajiriwa, ushahidi wa kawaida ni hati za mshahara za miezi 6 pamoja na taarifa za benki za miezi hiyohiyo, na tarakimu zikubaliane. Mshahara ulioandikwa kwenye hati lazima uonekane ukiingia benki. Barua ya mwajiri nayo ieleze cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kazi.

Sasa ada. Aprili 2025 ada ya ombi kutoka nje ya nchi ilipandishwa hadi pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miaka 2 na miezi 9 hutozwa kama miaka 3, yaani pauni 3,105. Jumla inapita pauni 5,000, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya milioni 16. Ada hizi hupanda mara kwa mara, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayokusudia kulipa.

Hapa nina ushauri ambao huenda usiwafurahishe wajumbe wa kamati. Mnapoketi kupanga harusi, wekeni viza kwenye bajeti ileile. Watu hawahawa wanaochangia ukumbi, MC, keki na gari la maharusi wangechangia pia mguu wa pili wa safari kama wangeambiwa. Harusi ya watu 400 haimpi afisa ushahidi kuliko ya watu 60, na maharusi wengi huanza kuazima fedha za ada wiki moja baada ya kumaliza kulipa madeni ya ukumbi.

Mengine yanayotakiwa:

- Kiingereza cha A1, kusikiliza na kuzungumza, kwenye mtihani unaotambuliwa na serikali ya Uingereza. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala yake baada ya kuthibitishwa na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje.
- Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza. Kinadumu miezi 6. Ukipima mapema mno kitaisha kabla hujatuma, ukichelewa, ombi zima litakusubiri wewe.
- Ushahidi wa mahali pa kuishi: mkataba wa nyumba, idadi ya vyumba, na wanaoishi humo.
- Ushahidi kwamba mmewahi kuonana ana kwa ana. Ndoa iliyoanzia kwenye simu inakubalika. Ambao hawajawahi kukutana hawatakubaliwa.

Barua inayoeleza maisha yenu

Kila ombi liende na barua fupi ya maelezo, yako na ya mwenzi wako, kila mmoja kwa maneno yake. Kurasa mbili zatosha. Usimwige mwenzako sentensi kwa sentensi, kwani barua mbili zinazofanana huzaa shaka. Mpangilio unaosaidia ni huu:

- Tulikutana wapi, lini, nani alitukutanisha.
- Lini tuliamua kuoana, nani alipeleka posa, lini familia zilikutana.
- Ndoa ilifungwa wapi, nani aliifungisha, nani walikuwa mashahidi.
- Tumekaa pamoja vipindi gani, na kwa nini sasa tunaishi mbalimbali.
- Tunawasiliana vipi, tunasaidiana vipi kifedha.
- Tutaishi wapi, na mimi nitafanya nini nikifika.

Eleza pia lile litakalomshangaza msomaji asiyekujua. Kama mahari ilipokelewa na baba mdogo kwa kuwa baba alishafariki, sema. Kama bwana harusi alikaa siku tisa tu nchini kwa sababu ya likizo, sema na uambatishe barua ya likizo. Kama mwenzi wako anakuzidi miaka ishirini, sema mlivyofahamiana na familia zilivyopokea. Jambo ulilolieleza mwenyewe halina sura ileile kama lililogunduliwa na afisa.

Kuhusu picha, chagua chache zilizoenea kwa miaka, badala ya mia mbili za siku moja. Kila picha iandikwe tarehe, mahali na waliomo: "Kanisani Mwika, mama mzazi wa bwana harusi kushoto." Picha na wazazi, na ndugu, na za siku za kawaida zina uzito kuliko za kukata keki. Mazungumzo ya simu yasichapishwe yote. Chukua kurasa chache za kila mwezi zinazoonyesha mwendelezo. Fedha zilizotumwa ziwe na kumbukumbu, iwe ni kwa benki au kwa simu. Kama mwenzi wako alikuwa akikutumia kupitia simu ya kaka yako, badilisheni leo, kwa sababu kwenye karatasi anayesaidiwa ni kaka.

Vishoka na njia za mkato

Stendi ya Moshi hukosi mtu anayemjua mtu ubalozini. Usimpe pesa. Uamuzi wa viza hauuzwi, na ada halali hulipwa kwenye mfumo rasmi wa ubalozi au kituo cha kupokelea maombi, na risiti hutoka kwa jina lako. Anayekujazia fomu kwa malipo ni sawa na karani yeyote, lakini soma kila neno kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa sahihi ni yako na uongo wa karani utahesabiwa kuwa wako. Kwa Uingereza, kutumia hati ya kughushi au kudanganya kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Taarifa ya benki iliyopambwa kwa mkopo wa siku tatu kutoka kwa mjomba nayo huonekana.

Kama uliwahi kunyimwa viza ya nchi yoyote, jibu ndiyo pale unapoulizwa. Kunyimwa zamani hakukuharibii kama kuficha.

Siku ya miadi

Miadi ni Dar es Salaam. Kutoka Mwika usifanye safari ya kufika usiku na kuingia miadi asubuhi. Ondoka siku mbili kabla. Basi litakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka huko hadi katikati ya jiji foleni inaweza kula asubuhi nzima. Desemba na mwanzo wa Januari, wakati nusu ya Kilimanjaro ipo njiani, kata tiketi mapema sana au uepuke miadi ya siku hizo.

Beba hati halisi kwenye begi la mkononi, na seti mbili za nakala zilizopangwa kwa mfuatano wa orodha ya ubalozi. Ukurasa wa kwanza uwe orodha ya yaliyomo. Piga hati zote picha safi au ziskanishe steshenari ya Himo au Moshi kabla ya safari, uzitume kwenye barua pepe yako. Barua pepe hiyo iwe yako mwenyewe, si ya binamu anayejua kompyuta, kwa sababu majibu yatapitia humo.

Ukihojiwa, jibu ulichoulizwa na ulichonacho. Maswali ni ya kawaida: mwenzi wako anafanya kazi gani, anaamka saa ngapi, ana ndugu wangapi, mlikula nini siku ya harusi, nani hakuja. Ujerumani wanaweza kuwahoji nyie wawili siku moja, wewe Dar na mwenzi wako kule, kisha wakalinganisha. Msikariri majibu. Kaeni tu mkumbushane mambo yenu kama wanandoa wanavyofanya. Usilolijua sema hulijui, maana hakuna mume anayekumbuka rangi ya nguo za wasimamizi wote.

Kusubiri bila kusimamisha maisha

Huduma ya kawaida ya Uingereza kwa viza ya mwenzi kutoka nje imetangazwa kuwa wiki 12. Ujerumani hesabu kwa miezi, kulingana na kasi ya ofisi ya wageni ya mji husika. Muda huo ukipita, uliza mara moja kwa maandishi ukitaja namba ya ombi. Kuuliza kila wiki hakusogezi faili.

Yapo mambo ya kutofanya. Usiache kazi. Usiuze ng'ombe wala usikodishe kihamba kwa mkataba wa miaka mitano. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha. Usibadili namba ya simu. Likitokea jipya, kama mimba, mtoto kuzaliwa, mwenzi kubadili kazi au kuhama nyumba, liarifu ubalozi na hati zake.

Na yapo ya kufanya. Endeleeni kuweka kumbukumbu za mawasiliano na safari, kwani ombi likihojiwa zitahitajika. Endelea na lugha, A1 itakufikisha uwanja wa ndege lakini haitakutafutia kazi. Wauguzi, walimu na mafundi waanze kukusanya uthibitisho wa vyeti kutoka NECTA, chuo na baraza la taaluma, kwa sababu kuvifuatilia ukiwa ng'ambo ni kazi mara tatu. Amua nani atakuwa na hati ya uwakilishi wa kisheria juu ya shamba, akaunti au kesi uliyonayo, na uifanye mbele ya wakili.

Kuna pia mzigo wa maneno. Kila Jumapili baada ya ibada utaulizwa, "Bado hujaenda?" Kila aliyekuchangia harusi ana haki ya kiasi fulani ya kuuliza, lakini huna deni la kutoa taarifa ya faili. Chagueni jibu moja, wewe, mwenzi wako na wakwe: "Maombi yapo, tunasubiri barua." Lisemeni hilohilo nyote. Mwenzi aliyeko ng'ambo asiahidi tarehe kwa mama mkwe ili kumfurahisha, kwa kuwa tarehe ikipita lawama humwangukia aliyebaki kijijini. Wekeni siku maalumu ya kuzungumza habari za viza kwenye simu, na siku nyingine zungumzeni mengine. Ndoa iliyogeuka kuwa mjadala wa hati peke yake huchoka kabla ya jibu.

Jibu likija

Likiwa la kukubaliwa, kagua viza kabla hujashangilia: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya mwisho. Kosa hurekebishwa kwa urahisi ukiwa bado Dar. Ukifika Ujerumani, andikisha makazi ndani ya wiki mbili na uombe kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Utaruhusiwa kufanya kazi. Uingereza, viza hiyo ya miezi 33 itafuatwa na ombi jingine, lenye kiwango cha lugha cha A2, na ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka 5. Ukifika mahali pa kufikiria uraia wa kule, kumbuka kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Likiwa la kukataliwa, soma sababu moja moja na uangalie tarehe. Uingereza, aliye nje ya nchi ana siku 28 za kukata rufaa tangu kupokea uamuzi. Ujerumani, ile njia ya zamani ya kuuandikia ubalozi pingamizi ilifutwa duniani kote 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba upya, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kama kilichokosekana ni hati, mara nyingi kuomba upya na hati hiyo ni haraka na nafuu kuliko mahakama. Kama afisa amesema haamini ndoa yenu, tafuteni wakili wa uhamiaji wa nchi ile, na mwenzi wako ndiye amtafute kwa kuwa yuko karibu.

Kwa vyovyote, acha seti kamili ya nakala Mwika kwa mtu mmoja mwenye kabati linalofungwa na asiyetupa karatasi, na umwonyeshe kilichomo. Miaka mitatu baadaye ofisi ya ng'ambo itakapodai cheti cha kuzaliwa cha mama yako, huyo ndiye utakayempigia simu, naye ashuke Moshi siku hiyohiyo.